Ua wa Mbao Una Pande Mbili

Wenzangu makarani wajua ya kuwa likizo ya mwaka si ya kupumzika. Miezi kumi na mmoja mtu hukaa mezani akiandika barua za watu wengine, na mwezi unaobaki huenda kwake akazikuta kazi zimempangia foleni. Mwaka huu kazi iliyoningoja ilikuwa ua. Nami nimeona si vibaya kuwaeleza wasomaji jinsi ulivyojengwa, maana wengi wameniuliza habari za rangi yake, na wachache waliosikia yaliyotokea baina yangu na Baba Mdogo wamesimulia mambo ambayo sikuyatambua.

Kwetu ni Nyandarua, katika sehemu zilizokuwa mashamba ya Wazungu, ambazo tangu mwaka 1962 zilinunuliwa na kukatwa vipande vya kugawiwa Waafrika katika ule mpango wa eka milioni moja. Babu yangu alipata kipande chake hapo. Alikikuta kimezungukwa na nguzo za mtarakwa zilizochimbiwa na mwenye shamba wa kwanza, na baadhi ya nguzo hizo zimesimama hata leo. Rangi yake imekuwa ya kijivu kama mifupa ya zamani, zimepasuka hapa na pale, lakini ukifukua chini utaona mti ni mzima. Kiini cha mtarakwa kina mafuta ambayo mchwa hawayapendi, na uozo hauyawezi upesi. Babu alipokuwa mzee aliigawa ardhi baina ya wanawe wawili, marehemu baba yangu na mdogo wake, akaufanya mstari mmoja wa nguzo zile kuwa mpaka. Wakati ule hapana aliyeandika neno. Nguzo zenyewe ndizo zilizokuwa maandishi.

Sasa, chini ya nyumba yangu, ng'ambo ya mpaka huo, pana bwawa ambalo ng'ombe wetu sote hunywa maji. Mtoto wangu wa pili ana miaka miwili na nusu. Katika juma moja mke wangu alinipigia simu ofisini mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imebadilika, kwa kuwa mtoto alikutwa hatua arobaini tu kutoka majini, akimfuata bata. Siku ile sikuweza tena kusoma faili iliyokuwa mbele yangu.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mbao? Kaiyaba ni ua bora kabisa kwa mkulima, wenye miiba ambayo hata ng'ombe aliyezoea kuvunja nyua huiogopa. Lakini huchukua miaka kadhaa kabla ya kufungamana, na mtoto hangoji. Seng'enge huzuia ng'ombe, ila mtoto mdogo hupita chini yake, au huikamata kwa mikono. Nilitaka ua wa kufunga njia katika mwezi mmoja, nikaazimia kupanda kaiyaba nyuma yake kwa siku za usoni.

Nguzo za mtarakwa hazikufikirika, maana miti ya asili katika misitu ya Serikali haikatwi tena ovyo, na jambo hilo ni jema. Nilinunua nguzo za mkalitusi zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Dawa hiyo ni chumvi za shaba, kromi na aseniki, nayo husukumwa ndani ya mti kwa nguvu ya mashine, haipakwi juu kwa burashi. Hapa nina maneno mawili kwa mkulima. La kwanza, usikate upande utakaoingia ardhini, kwa sababu dawa haifiki katikati ya mti, na ukikata waufungulia mchwa mlango. Ukiwa huna budi kupunguza urefu, kata juu. La pili, vipande vinavyobaki visiende jikoni. Aseniki ni sumu, na moshi na majivu yake hudhuru watu na kuku pia. Nilivikusanya vyote mwenyewe, wala sikumwachia mtu mwingine kazi hiyo, maana kuni kavu iliyolala uani haina mwenyewe.

Mbao nilichagua za saipresi. Tangu mwaka 2018, Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu yake na bei ya mbao ikapanda, nimejifunza kuitazama mbao kama mtu atazamavyo shilingi. Nilizinunua mwezi wa Oktoba, zingali na maji mengi, nikazipanga chini ya paa la ghala, kila safu ikitengwa na nyingine kwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite kati, na juu yake nikaweka mawe mazito zisipinde. Mke wangu alizilinda na mvua za vuli. Mbao mbichi ikipigiliwa leo, baada ya mwezi mmoja imesinyaa, imejikunja, na imeung'oa msumari wake yenyewe.

Kabla ya kuchimba shimo hata moja nilikwenda kumwita Baba Mdogo. Wapo waliosema haikuwa lazima, kwa kuwa hati ya ardhi ninayo. Naam, ninayo, naye anayo yake. Lakini watu wengi hudhani kwamba ramani iliyoko katika masjala ya ardhi yaonyesha mpaka kwa inchi, na sivyo. Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012, kama ile ya mwaka 1963 iliyoitangulia, yasema ya kuwa ramani yaonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mpaka umethibitishwa rasmi na kuandikwa hivyo katika daftari. Kuharibu au kuondoa alama ya mpaka ni kosa. Tena mahakama haisikilizi kesi ya mpaka wa namna hiyo kabla Msajili wa Ardhi hajaamua mpaka u wapi. Kwa hiyo nguzo saba za mtarakwa zilizobaki kati yetu zilikuwa na thamani kuliko karatasi zangu zote.

Baba Mdogo alikuja na fimbo yake. Yafaa nieleze kwamba mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu ya Kikuyu nimepewa jina la babu. Basi Baba Mdogo, ambaye babu huyo ndiye baba yake mzazi, huniita "Baba". Aghalabu ni mzaha wa mapenzi. Siku ile haukuwa mzaha mtupu.

Alisimama penye nguzo ya kwanza akaniambia, "Baba, nguzo hizi ulinionyesha wewe mwenyewe, nikiwa kijana. Leo wataka kuzing'oa?"

Nilimwambia, "La, Baba Mdogo. Nguzo hazitaguswa. Ua utasimama ndani, upande wangu, futi mbili kutoka kwenye mstari."

"Na njia ya maji? Mama yako mdogo apite wapi?"

Nikamwonyesha mahali pa lango, penye njia ile ile iliyokanyagwa tangu zamani. Akaitazama njia, akaitazama nyumba yangu, akauliza ni nani atakayekuwa na ufunguo. Nilipomjibu kwamba halitakuwa na kufuli, bali komeo tu, lililowekwa juu mtoto asilifikie, aliitikia kwa kichwa akaenda zake. Hakusema ndiyo. Lakini mtu akiisha kuuliza habari za ufunguo, amekwisha kukubali kuwapo kwa mlango.

Sasa nije kwenye rangi. Watu wengi hujenga kwanza, kisha hupaka. Mimi nasema paka kwanza. Ua ukiisha kupigiliwa, pale mbao inapogusana na mbao nyingine burashi haiingii, na ndipo maji hukaa. Tena mbao itakaposinyaa wakati wa kiangazi, utaona mstari mweupe usio na rangi kando ya kila ubao. Niliweka vibao viwili vya kulalia chini ya mti, nikazipaka mbao moja moja, mbele, nyuma, kingo, na hasa ncha. Ncha ya ubao ni kama mdomo wa mrija. Hunywa maji, nayo hunywa rangi kupita sehemu nyingine zote, kwa hiyo nilizipaka mpaka zikakataa.

Rangi niliyotumia si ile ya kufunika kama ngozi, wala si vanishi. Ni rangi ya mafuta ya kupenya ndani ya mbao, ya hudhurungi. Rangi ya kufunika hupendeza mwaka wa kwanza, lakini maji yakipata ufa mdogo huingia nyuma yake, yakakosa njia ya kutoka, na rangi ikabambuka vipande vipande. Hapo utaikwangua mpaka mikono iume. Rangi ya kupenya haibambuki, hufifia tu, na ikififia waosha ua na kupaka tena. Wala usichague ile isiyo na rangi kabisa ukidhani utahifadhi uzuri wa mti. Jua letu la nyanda za juu ni kali, na ni zile chembe za rangi zinazolizuia lisiichome mbao ikawa ya kijivu.

Kujua kama mbao imekauka ya kutosha ni rahisi. Nyunyizia matone ya maji. Yakizama upesi, mbao iko tayari kunywa rangi. Yakikaa juu kama umande, ngoja, au isugue kwa msasa kama ni mashine iliyoing'arisha mno. Nilipaka asubuhi na alasiri, kivulini, kwa kuwa jua la saa sita hukausha rangi juu kabla haijaingia. Iliyobaki bila kunyweka baada ya dakika chache niliifuta kwa tambara, maana ikiachwa hunata na kukusanya vumbi.

Matambara hayo yana hatari ambayo sikuisikia ikitajwa na fundi yeyote wa kwetu. Mafuta ya kitani, yaliyomo katika rangi nyingi za namna hii, hutoa joto yanapokauka, na matambara yaliyokunjwa pamoja na kutupwa pembeni huweza kushika moto yenyewe bila ya kiberiti. Yatandaze moja moja nje mpaka yakauke, au yatie katika ndoo ya maji. Ghala langu lina nyasi kavu za ng'ombe. Msomaji aweza kufikiri mwenyewe.

Baba Mdogo alipita nikiwa katika kazi hii, akashangaa kuona fedha zikimwagwa juu ya mbao. Alishauri nitumie oili chafu ya trekta, ambayo hupatikana kwa bei ndogo au bure. Wengi hufanya hivyo, na sikutaka kumbishia mzee mbele ya vijana. Nilimwambia tu ya kuwa bwawa liko chini yetu, na kwamba mvua ingeishusha oili ile mpaka kwenye maji ya ng'ombe wake. Hilo lilimwingia. Alishauri pia kuziunguza nguzo motoni upande wa chini, kama walivyofanya wazee. Nikamweleza kwamba nguzo za dawa haziunguzwi kamwe, kwa sababu ya ule moshi.

Nguzo zilikuwa 16, zikipishana futi 8, yaani ua wa futi 120. Kila nguzo ilikuwa ya futi 7, na futi 2 na nusu ziliingia ardhini. Tulisimamisha za miisho kwanza, tukavuta uzi kati yake, na zilizobaki zikafuata uzi huo, kila moja ikipimwa kwa timazi pande mbili. Chini ya shimo tuliweka kokoto ili maji yapate pa kupotelea, kisha tukarudisha udongo kidogo kidogo, inchi 6 kwa mara moja, tukiushindilia kwa mtaimbo. Hii ndiyo kazi inayochosha, na ndiyo vibarua huipunja usipokuwapo. Hujaza shimo lote kwa mkupuo mmoja, wakakanyaga juu, na nguzo hucheza baada ya mvua ya kwanza. Juu tuliufanya udongo uwe kilima kidogo, maji yasisimame, maana nguzo haiozi juu wala chini kabisa; huoza pale udongo na hewa vinapokutana. Vichwa vya nguzo tulivikata mshazari, tukavipaka rangi mara tatu.

Misumari ilikuwa ya kupakwa zinki. Msumari wa kawaida hushika kutu, na kutu ikichanganyika na maji ya mti huchora michirizi myeusi ambayo hapana rangi iwezayo kuificha. Karibu na ncha za ubao fundi wangu aligonga kwanza ncha ya msumari ili iwe butu, kwani msumari mkali hutenganisha nyuzi za mti na kupasua ubao, na ule butu huzikata akapita salama. Mbao za kusimama tuliziinua inchi 3 juu ya ardhi.

Basi ikaja siku ya tatu ya kupigilia, na matata yakaanza. Ua wa mbao una upande laini, wenye mbao za kusimama, na upande wenye mbao mbili za kulala zinazozishika. Heshima ya ujirani husema upande laini umwelekee jirani. Mimi niliuelekeza ndani kwangu, na mbao za kulala zikawa upande wa Baba Mdogo. Alikuja, akasimama penye nguzo zake za mtarakwa, akatazama, akarudi kwake bila ya kusalimu. Jioni Mama Mdogo alileta maziwa kama desturi, lakini alisimama mlangoni, akasema, "Mzee asema umempa mgongo."

Sikulala vizuri usiku ule. Ugomvi wa ardhi nimeuona ofisini ukianza kwa neno dogo kuliko hilo, na ndugu wa tumbo moja wakaishia kuandikiana barua kupitia kwa wanasheria. Lakini kuzigeuza mbao nisingeweza. Mbao mbili za kulala, moja chini na moja juu, ni ngazi. Mtoto wa miaka miwili na nusu akiziona upande wake atapanda, na akianguka ng'ambo yuko njiani kwenda bwawani.

Asubuhi na mapema nilikwenda kwa Baba Mdogo. Nilikunywa chai kwanza, kama ipasavyo. Kisha nilimwomba twende langoni kwake, lile lango la zamani lenye mapao matano ya kulala. Wajukuu wake wawili walikuwa juu yake, mmoja akiwa amepakata pao la juu kama mpanda farasi. Sikusema mengi. Nilisema tu, "Baba Mdogo, wangu ni mdogo kuliko hawa, na chini yangu pana maji."

Aliwatazama watoto kitambo kirefu. Mwishowe akauliza, "Na huo upande wangu, umeupaka, au umepaka wako tu?"

Nikamwambia zilipakwa pande zote kabla ya kupigiliwa, na zaidi ya hayo, upande wake ndio uelekeao magharibi, unaochomwa na jua la alasiri na kupigwa na mvua za upepo, kwa hiyo utapakwa mara ya pili hata kama wangu hautapakwa.

"Mara ya pili," akasema. "Basi nitakuja nione."

Alikuja na burashi yake mwenyewe, ya kupakia chokaa, ngumu kama ufagio. Tulipaka siku mbili. Kwa kuwa mbao za kulala ziko upande ule, kazi ilikuwa ndefu, kila pembe ikitaka kuingiliwa, na Baba Mdogo hakuruka pembe hata moja. Alinionyesha mahali pawili ambapo kijana wangu alipita haraka. Mama Mdogo alipita langoni na ndoo yake, akalijaribu komeo kwa mkono mmoja, likafunguka.

Mkebe mmoja ulibaki una rangi hadi nusu. Baba Mdogo aliuomba, akaupaka mlango wa zizi lake upande wa nje. Nimempigia simu kutoka ofisini kumkumbusha apake na upande wa ndani kabla ya mvua za masika, kwa maana mlango uliopakwa upande mmoja hujikunja, naye ameniambia ng'ombe hawatazami rangi.